Babu Akirukwa

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, za Mama, na za mpwa wako Kiherehere, ambaye alikuwa amenisimamia begani akitaka kujua naandika nini, mpaka nikamtuma dukani akaninunulie uzi nisiouhitaji. Kwa kawaida hapa ningeandika kwamba sisi huku hatujambo, wasiwasi ni juu yako tu uliye mbali. Safari hii naomba tubadilishane. Wewe naamini hujambo, maana sauti yako kwenye simu Jumapili ilikuwa ya mtu aliyeshiba na kulala vizuri. Wasiwasi uko huku, na mwenye kuubeba ni mimi.

Usishtuke ukatupa kijiko ukakimbilia stendi. Hakuna aliyekufa. Kaa chini, soma taratibu, na usimpigie mtu yeyote simu kabla hujafika mwisho. Hilo la simu nakuomba sana.

Utauliza kwa nini barua, kwani vocha zimeisha? Simu ya nyumba hii unaijua. Ikilia, Baba anaiweka spika kubwa ili Mama asikie jikoni, na Kiherehere anasoma kila ujumbe kabla mwenyewe hajausoma. Hata hii yangu ndogo namba yake ya siri anaijua. Ninachotaka kukuambia hakiwezi kupita humo. Ndiyo maana Jumapili uliponiuliza gemu uliyotutumia naionaje, nilijibu "nzuri" nikanyamaza, nawe ukanuna, ukasema umeitafuta kwa jasho halafu nakujibu kama mtu aliyeletewa sabuni. Baba alikuwa amekaa ubavuni kwangu, Kaka. Leo nakujibu vizuri, na jibu lenyewe ndiyo habari yenyewe.

Siku mzigo wako ulipofika tuliichomeka mashine kwenye televisheni ya sebuleni, pale pale karibu na cherehani yangu. Picha ya kwanza ilipotokea nikapiga ukelele, sindano ikatoka nje ya pindo. Wako wote! Wenye Mikanda upande mmoja, Majini upande wa pili, wanatazamana. Unakikumbuka kile kibanda cha gemu nyuma ya gereji, na zile mashine zake mbili, moja ya Wenye Mikanda na moja ya Majini? Na jinsi tulivyobishana njia nzima kurudi nyumbani kwamba Kinyozi wako na nyembe zake mbili akikutana na Bibi Ukungu wangu, nani atamtandika mwenzake? Hakukuwa na wa kutuamua, kwa sababu kila mmoja alikuwa amefungiwa kwenye mashine yake. Mama ikabidi atutenge mezani, mmoja huku mwingine kule. Na sasa kuna watu wazima, wenye akili zao na mishahara yao, wamekaa wakauvunja ule ukuta katikati. Nilidhani ni sisi wawili tu tuliokuwa na wazimu huo.

Haya, maoni yangu. Picha ni safi mno, hata vumbi la uwanjani linaonekana. Unachagua wapiganaji wawili wawili, mmoja akizidiwa unampokeza mwenzake, na unaweza kumchanganya wa mikanda na wa majini wakawa kitu kimoja. Hilo lilinichukua muda kulimeza. Kabla ya pambano wanasemeshana, na Kinyozi akikutana na Bibi Ukungu anainamisha kichwa kidogo kama anayemkumbuka mtu. Hapo machozi yalinilengalenga, usinicheke. Kinyozi wamempa mvi. Bibi Ukungu wamemvalisha gauni jipya lenye mpasuo mpaka nyongani na halina mshono hata mmoja wa kulishikilia, gauni ambalo mimi nikimshonea mteja, raundi ya kwanza lingekuwa sakafuni. Kubonyeza kwenyewe kumekuwa kugumu kwa vidole vyangu, kuna vifungo hata kwa nyuma ya rimoti. Nilimweka Bibi Ukungu wangu dhidi ya Kinyozi anayeongozwa na mashine, nikapigwa vibaya. Furahi. Umengoja siku hiyo tangu utotoni.

Kwa siku za mwanzo nyumba ilikuwa na raha ambayo sikuiona kwa muda mrefu. Na aliyetushangaza ni Baba. Unajua mwenyewe alivyokuwa akija kututoa kibandani kwa kutushika masikio. Sasa anarudi kutoka kazini, anaegesha basi la shule pale nje, anavua viatu, na kabla chai haijapoa amekwisha shika rimoti. Alimchagua Mzee Kifua, yule bondia mnene wa upande wa Wenye Mikanda, akasema huyu angalau amevaa kama mtu. Mpwa wako akamchagua Bibi Ukungu, damu haipotei. Basi kila jioni ni babu na mjukuu, mimi nashona sare zangu, Mama anapita na sinia anaponda pande zote mbili.

Baba alikuwa akifungwa kila siku. Sisi tukasema anamwachia mjukuu. Si unamjua Baba, dereva ambaye shule nzima inamwita Taratibu, ambaye akimwona kuku barabarani anasimama amsubiri amalize mazungumzo yake. Mtu wa namna hiyo atampigaje mtoto hata kwenye televisheni? Mama alikuwa anacheka jikoni, anasema, mwone anavyojifanya hajui. Mezani nako alikuwa akila nusu ya sahani, nusu ya pili anaiacha haijaguswa, na Mama akasema anambakishia mjukuu, mapenzi hayo. Kiherehere alikuwa anaisogeza sahani anamalizia. Mimi pia nilisema ni mapenzi. Nataka ulielewe hilo, Kaka. Kila kitu kilichomshinda Baba, sisi tulikiita mapenzi.

Bibi Ukungu unamjua mchezo wake. Anageuka moshi, anapotea mbele yako, anatokea mgongoni anakukwangua. Wewe ndiye uliyekuwa ukisema kumpiga mtu kisogoni si ushujaa. Basi kila alipomruka Mzee Kifua akatokea nyuma yake, Baba alikuwa akiendelea kurusha ngumi mbele, hewani, huku anauliza, "Kaenda wapi huyu bibi?" Nasi tukicheka mpaka mbavu zinauma, kwa sababu ni kweli, si amegeuka moshi?

Jioni moja Kiherehere akaninong'oneza kwamba amegundua siri ya kumshinda babu. Akasema, "Babu akirukwa, basi tena." Nikamwambia hiyo si siri, Bibi Ukungu ndivyo alivyo. Akatikisa kichwa, akasema hata na Tofali inakubali. Tofali ni lile jini jipya, kubwa kama kabati, halipotei, halina moshi, likitembea sakafu inatikisika. Nikasema haiwezekani. Akaenda akamchagua Tofali. Akamrusha juu ya Mzee Kifua, likatua upande wa kushoto kwa kishindo, likasimama pale waziwazi, limejaza robo ya kioo. Baba akaendelea kupiga ngumi kuelekea kulia. Akauliza, "Kaenda wapi?"

Hakuna aliyecheka safari hiyo, au pengine Kiherehere alicheka, sikumsikia. Nilikuwa nimeikandamiza pedali ya cherehani na kitambaa kimejikunja chote chini ya sindano. Nikamwomba Baba wabadilishane nafasi na mtoto, akae upande wa pili ili Mzee Kifua aanzie kulia. Alikataa. Akasema yeye pale ndipo alipopazoea. Ndipo nikatambua kwamba tangu siku ya kwanza hajawahi kukubali kukaa kwingine.

Kuanzia hapo sikuwa na amani. Nikawa mtu wa kumchungulia baba yangu mzazi. Chai nikimwekea kushoto, anauliza chai iko wapi. Nikiisogeza kulia, anasema asante. Sahani ile, aliyokuwa akimbakishia mjukuu, nikatazama ni nusu gani. Ni ya kushoto, kila siku ya kushoto, imekatwa katikati utadhani kwa rula. Nikamwambia Mama. Mama akanikemea, akasema nisimwitie baba yangu uzee, mtu ambaye hajawahi kukwaruza hata mkokoteni tangu ameanza kushika usukani.

Nikamkabili mwenyewe. Nilimwambia, Baba, twende hospitali ukapimwe macho. Akacheka kweli kweli. Akachukua pakiti ya sindano zangu za cherehani kutoka mezani, zile zenye maandishi madogo ambayo mimi mwenyewe nayasogeza kwenye taa, akaishika mbali, akaniambia nisikilize. Akanisomea saizi ya sindano: kumi na nne. Bila miwani. Nikaona haya, nikaomba radhi, na moyo ukatua. Alipotoka nikaitazama ile pakiti. Imeandikwa tisini, mkwaju, kumi na nne. Ile tisini iko kushoto. Hakuisoma kwa sababu kwake haikuwepo.

Kaka, nilikaa na ile pakiti mkononi nikijiambia pengine alisoma kifupi, watu wengi wanasoma kifupi, hata sisi mafundi tunasema kumi na nne tukaelewana. Ndivyo nilivyojidanganya mpaka nilipopeleka sketi za marinda shuleni. Wakati wa kurudi nilijifanya mzigo wa sketi za kurekebishwa umenizidi, nikaomba lifti kwenye basi. Baba alifurahi. Nikakaa kiti cha nyuma yake, watoto wa chekechea wamejaa wanaimba, na yule matroni wao anawashika mikono wakishuka. Baba anaendesha vizuri, sitaki kumsingizia. Polepole, breki laini. Ila mlango wa basi uko kushoto, na watoto wanashukia kushoto.

Kituo cha tatu kutoka mwisho alishuka mtoto mmoja mwenye begi kubwa kuliko yeye. Chupa yake ya maji ikamponyoka, ikabingirika mbele ya gurudumu, naye akainama kuifuata. Matroni alikuwa amekwisha mgeukia mtoto mwingine. Mimi nilimwona kupitia kioo kikubwa cha mbele, na nikaona kichwa cha Baba kimeelekea pale pale, macho yake yapo, kisha nikasikia gia inaingia na basi linaanza kuondoka. Nilipiga bati la basi kwa viganja vyote viwili. Matroni naye akapiga kelele. Baba akasimamisha, akageuka kuniuliza kama nimesahau kushusha mzigo. Mtoto aliokota chupa yake akaenda zake, hakujua kitu. Baba pia hakujua kitu. Akaendelea na safari anapiga mluzi.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda gereji kwa Fundi Spana, rafiki yake wa tangu ujana, ambaye ndiye anayelihudumia lile basi. Unamjua, kikohozi chake kinatangulia kufika kuliko yeye. Nilimuuliza kama ameona chochote ubavuni mwa basi. Alianza kunizungusha, mara nati, mara mafuta. Nilipoanza kulia akanionyesha. Ubavu wote wa kushoto umezibwa mikwaruzo kwa puti na kupakwa rangi, na kioo cha pembeni cha kushoto kimebadilishwa. Baba hajui. Kila basi lilipokuja na mkwaruzo mpya, Fundi aliufuta kimyakimya wakati Baba anakunywa chai barazani. Alisema alidhani ni uchovu. Alisema Baba akinyang'anywa lile basi hatakaa mwaka, kwa hiyo yeye akaona amsitiri rafiki yake. Sikumlaumu, kwa sababu na mimi nilikuwa nimemaliza siku nyingi nikisogeza kikombe cha chai.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Asubuhi ya siku iliyofuata Baba alirudi nyumbani kwa miguu. Hukuwahi kumwona Baba akirudi asubuhi, nami sikuwahi. Aliingia, akavua viatu, akatundika kofia yake ya kazi kwenye msumari ambao si wake. Akasema mwalimu mkuu amemwita ofisini kwa heshima zote, akamwambia madereva wote watapimwa afya, na kwamba yeye aanze leo, na ufunguo auache mezani. Alimuuliza nani amesema nini. Mwalimu mkuu akamwambia hawezi kumtaja.

Tulimpeleka hospitali. Daktari, mama mmoja mpole, alimwambia aangalie ncha ya kalamu iliyo mbele yake, halafu akawa anaingiza kidole chake kutoka pembeni, kulia na kushoto. Cha kulia Baba alikiona mapema. Cha kushoto kilikuja, kikaja, kikaja, mpaka kikakaribia pua, Baba bado anamwambia aanze basi. Mama alikaa chini kwenye sakafu ya hospitali. Daktari alieleza kwamba macho ni mazima, tatizo liko kichwani. Alipata kiharusi kidogo, pengine bila kujua. Je, hakuna siku aliumwa kichwa sana? Mama akakumbuka siku moja aliyorudi akalala na nguo za kazi, sisi tukasema joto. Amepewa dawa ili kisije kingine kikubwa. Upande uliopotea huenda ukarudi kidogo, huenda usirudi. Kuendesha basi, hapana.

Tangu siku hiyo Baba hasemi na Fundi Spana. Kabisa. Fundi alikuja kumpa pole, Baba akageukia ukutani. Akaja tena na redio aliyomtengenezea, Baba akamwambia Mama amwambie mgeni kwamba mwenyeji amelala, na huku amekaa kwenye kiti macho wazi. Mama anasema ni wazi Fundi ndiye aliyekwenda kumchongea kwa mwalimu mkuu, maana nani mwingine anayelijua basi? Mtaa mzima unasema hivyo hivyo. Gereji watu wanamtazama Fundi vibaya.

Kaka, si Fundi. Ni mimi.

Siku ile nilitoka gereji nikarudi moja kwa moja shuleni. Nilimkuta mwalimu mkuu anafunga ofisi, nikamwambia nimesahau kumhesabia sketi, na mlango ulipofungwa nikamwambia yote. Chupa ya maji, sahani, gemu, yote. Nilimchongea baba yangu mzazi aliyenisomesha kwa usukani ule ule. Na nilipomfuata Fundi nimwambie kwamba nitakwenda kusema ukweli, alinizuia. Alisema, "Acha anichukie mimi. Rafiki mwingine anaweza kumpata, binti mwingine atampata wapi?" Akakohoa, akarudi chini ya gari lake. Nami nikamwachia abebe, mpaka leo.

Siwezi kumtazama Baba. Nikimpelekea chai naweka kikombe naondoka. Mtoto yule mwenye begi kubwa namwona kila nikifumba macho, halafu namwona Baba anatundika kofia. Kwa hiyo nilichotaka kukuomba ni hiki: umpigie wewe, umwambie wewe, kwa sababu wewe ni mkubwa na uko mbali, na hasira za Baba zikivuka umbali wote huo zitakuwa zimepoa. Nakuomba, Kaka. Mimi nimeshindwa.

Hapo ndipo nilipoishia juzi, Kiherehere aliporudi na uzi. Niliificha barua ndani ya droo ya cherehani nikisubiri nafasi ya kuipeleka posta. Leo naiendeleza, na lile ombi la hapo juu lifute.

Jana mchana Kiherehere yuko shule, Mama yuko sokoni, Baba akaiwasha mashine mwenyewe. Tangu ile hospitali alikuwa hajaigusa. Akaniita. Nikasema nina suruali ya mtu ya kumalizia. Akasema suruali haina miguu, haitakimbia. Nikakaa, suruali nimeiweka mapajani. Akanipa rimoti ya upande wa kulia, ile ya Kiherehere, akakaa yeye pale pake alipopazoea. Akamchukua Mzee Kifua. Akaniambia nimchukue bibi yangu, na mimi nilikuwa sijui kwamba anakumbuka Bibi Ukungu alikuwa wangu.

Tukaanza. Nilikuwa nampiga kwa mbele tu, taratibu, ngumi za kubembeleza. Akasimamisha pambano. Akasema, "Niruke." Nikajifanya sikuelewa. Akasema tena, nimruke kama mwanangu anavyomruka, nisimwonee huruma. Nikaruka. Aligeuza kichwa kizima, shingo na mabega, kama alivyoagizwa na daktari, lakini alichelewa, nikampata. Akasema tena. Nikaruka. Nikampata. Tena. Nilikuwa nalia, Kaka, nabonyeza vifungo sivioni.

Ndipo akasema, macho yakiwa bado kwenye kioo, "Siku ile mwalimu mkuu aliniuliza kama ni kweli huwa namwachia mjukuu ashinde. Fundi hajui habari za gemu."

Niliiweka rimoti chini. Nilimuuliza kama alijua tangu siku ile ya kwanza. Akasema alijua kabla hajafika getini. Alikuwa ananingoja. Kila nilipoleta chai alidhani sasa atasema, nami naweka kikombe naondoka. Nikamuuliza, sasa Fundi umemnunia kwa lipi?

Jibu lake nakuandikia kama alivyolitamka, kwa sababu limenikaa. "Fundi aliona kwenye bati, akapaka rangi. Angeniambia mkwaruzo wa kwanza, ufunguo ningeurudisha kwa mkono wangu. Mimi nilikuwa napiga mluzi na watoto wa watu mgongoni, na ninyi nyote mnanisogezea kikombe." Kisha akasema kwamba mimi angalau nilisema, ila nilikwenda kumwambia mwingine. Hakupandisha sauti. Laiti angepandisha.

Nilimwomba msamaha, nikiwa nimeshika magoti yake. Akaniinua, akasema niache kulowesha suruali ya mteja. Habari za Fundi akasema atamsamehe akimaliza hasira, na hasira yenyewe bado ipo, nisimharakishe. Lakini baadaye kidogo aliuliza kama yule mtu bado anakohoa. Nikasema bado. Akasema aambiwe aache kulala chini ya magari kwenye simenti ya baridi.

Tukarudi kwenye gemu. Niliruka, akachelewa. Niliruka, akachelewa. Halafu nikaruka mara moja, na nilipotua nikakuta kichwa chake kimekwisha fika kabla yangu, na Mzee Kifua amenyanyua mikono amejikinga. Hakunipiga. Alijikinga tu, akabaki amejikinga, ananitazama. Akasema, "Uko hapo." Basi. Jioni Mama alipomwekea chakula hakumzungushia sahani kama alivyokuwa akifanya tangu tutoke hospitali. Alimwambia, kushoto bado kumejaa, naye akageuza shingo akala.

Hofu haijaniisha, nisikudanganye. Nasikiliza anavyovuta pumzi, nahesabu vidonge vyake, akichelewa chooni nagonga mlango mpaka anafoka. Daktari amesema miezi hii ya mwanzo ndiyo ya kuangaliwa. Usukani hautarudi, na hilo bado hajalizungumza na mtu. Asubuhi saa za basi anaamka, anavaa, anakaa barazani mpaka dereva mpya anapita, halafu anaingia ndani. Njoo ukipata ruhusa. Usije kwa kukimbia, ila njoo.

Mama anakusalimu na anauliza kama unakula. Kiherehere anakusalimu, anasema Mjomba ujiandae, Tofali linakungoja. Wote walioko kazini kwako wanaotufahamu wape salamu zetu, na yule rafiki yako aliyeleta mzigo umshukuru kwa niaba ya nyumba nzima.

Baba ameniona nakunja karatasi, nami sikuificha. Nimemwambia nakuandikia wewe, na nimeandika yote. Akasema nikuongezee neno moja kutoka kwake. Anasema, "Mwambie akija, asiniachie."

Ni mimi mdogo wako wa damu,
wa upande wa Majini.